Kitabu Tulichokichagua Bila Kukisoma

Mdogo wangu alikileta kitabu kile ndani ya kiroba cha unga, kimefungwa kamba ya katani kama jogoo wa kupelekwa mnadani. Alisema shule yetu ya zamani inasafisha stoo, mchwa wameshakula karibu kila kitu, na moto ulikuwa umewashwa tayari alipoomba apewe kile kimoja chenye jalada la kijani. "Nilijua utakitaka, dada," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetenda jambo jema. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikamchemshia chai ya maziwa, na alipoondoka nikakiweka juu ya kabati na kukitupia kitambaa. Hakujua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikiomba mchwa wafanye kazi yao vizuri.

Siku tatu kilikaa pale juu. Tatizo lilikuwa harufu. Kitabu kile kiliwahi kutunzwa katika ghala la kijiji, katikati ya madebe ya asali na mabonge ya nta yaliyosubiri lori, na mpaka leo kinanuka hivyo hivyo: asali iliyokaa sana, nta na vumbi la mtama. Nilikuwa nikipita sebuleni na ufagio, harufu inanikamata, na mara moja nina miaka kumi na miwili, nimesimama mbele ya mkutano wa kijiji kizima, nasema uongo.

Ninyi wenzangu mliohamishwa mkiwa wadogo, serikali ilipotukusanya kwenye vijiji vipya, mtanielewa nikisema kwamba sisi watoto tulifurahia kuhama. Lori lilikuja, tukapanda juu ya magunia, tukaimba. Tulikuwa tumetoka katika nyumba iliyojitenga porini, tembe la udongo lenye paa bapa, jirani wa karibu ukimwita lazima upande kichuguu. Tukaletwa kwenye kijiji kipya, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mkiwa, nyumba zimepangwa mistari, shule ipo, pampu ya maji ipo, na watoto wa kucheza nao ni wengi hata ugomvi ulikuwa mtamu. Kulikuwa na Wanyaturu kama sisi, Wagogo, Wanyiramba, na wengine ambao hatukujua hata wametokea wapi. Kwa mtoto, ilikuwa sikukuu isiyoisha.

Bibi yetu, mama yake baba, hakuimba kwenye lori. Alipakata jiwe lake la kusagia tangu tulipoondoka mpaka tulipofika, akikataa kulishusha, kana kwamba kuna mtu angelila. Baba alikuwa akifanya kazi ya reli kule Itigi na kuja nyumbani kwa nadra, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama, Bibi, mimi na mdogo wangu huyu. Mvua za kwanza baada ya kuhama zilipopita, mtu mmoja aliyekwenda kutafuta ng'ombe alirudi na habari kwamba tembe letu limeanguka. Paa la udongo linataka mtu wa kulitazama kila mwaka, na sisi hatukuwepo. Bibi alisikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Na kando ya zizi?" Yule mtu akasema zizi lenyewe halionekani, majani yameota kila mahali. Bibi akaendelea kupepeta uwele. Kando ya zizi ndipo lilipokuwa kaburi la baba mkwe wake, na mimi wakati ule sikuona uzito wa swali lile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulielewa. Mdogo wangu anaitwa Ntandu. Mama alimwita Ntandu, mimi nilimwita Ntandu, mwalimu alimwita Ntandu na kumchapa kwa jina hilo hilo. Bibi peke yake hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita "Mzee". "Mzee, njoo ule." "Mzee, umechafua nguo." Mtoto wa miaka sita, kamasi zinamtiririka, anaitwa Mzee. Nilitafuta sababu kwa akili yangu ya kitoto, nikaipata: Bibi hana meno ya mbele, na jina lile linataka meno. Nikaridhika kabisa na uvumbuzi wangu, na niliwahi kuwaeleza watoto wa jirani kwa sauti ya mtaalamu.

Mwaka ule kijiji kizima kilikuwa kwenye kisomo. Mchana, baada ya kazi za shamba, watu wazima walikaa kwenye madawati yetu, magoti yamewapita meza, wakafundishwa a, e, i, o, u. Bibi alijiandikisha kabla ya watu wengi. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Hakukubali herufi mpaka aelezwe kazi yake. "Hii nayo inafanya nini?" aliuliza, na Mwalimu Mkuu, kijana mpole aliyetoka mbali kwenye nchi ya migomba, alimjibu kila mara kwa heshima, "Shikamoo Bibi, hii inatusaidia kuandika maji." Jioni Bibi alinipitisha mimi tena kwenye masomo yale yale. Nilikuwa darasa la sita na nilisifiwa kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kusema hii ni kalamu na ile ni meza, lakini Bibi aliwatangazia majirani kwamba mjukuu wake anaongea na Wazungu. Sikuwahi kumwona Mzungu kwa karibu. Sikukanusha pia.

Basi siku moja Bwana Elimu akaja na Landrova kutoka Manyoni. Alisema kijiji chetu na wenzetu wa ng'ambo ya korongo tumefanya vizuri sana kwenye mtihani wa kisomo, na kwamba zawadi ni vitabu viwili vya historia, vitabu vya wasomi wakubwa, kila kijiji kimoja. Kwa kuwa wazee wetu waliofaulu walikuwa wengi zaidi, sisi ndio tutakaochagua kwanza, mkutano wa kijiji uamue Jumamosi. Akaacha vyote viwili kwa Mwalimu, akanywa uji, akaenda zake.

Kimoja kilikuwa chekundu, kipya, kimeandikwa kwa Kiswahili. Kilieleza falme za kale za Afrika: miji ya mawe, wafalme wenye dhahabu, misafara iliyovuka majangwa, wasomi weusi waliokuwa na shule zao kabla meli ya Mzungu haijafika popote. Cha pili kilikuwa cha kijani, kizito, cha Kiingereza. Kilikuwa kimeandikwa zamani na Mzungu aliyekaa nchi yetu miaka kadhaa akiwauliza watu wanaoaje, wanazikaje, wanagawanaje ng'ombe. Kilikuwa na picha chache katikati.

Mwalimu alivipitisha vyote darasani ili watu wazima wavishike kabla ya Jumamosi. Nilikuwepo, nimemfuata Bibi. Chekundu kilipita kikishangiliwa; watu walitazama kuta za mawe na kupiga miluzi. Cha kijani kikapita kimya kimya mpaka kikafika kwa Bibi, naye akafunua katikati, kwenye picha. Niliona mkono wake ukisimama. Halafu akavuta kanga usoni, akageuza uso upande wa dirisha, akainuka na kutoka darasani kinyumenyume, amekunja magoti kidogo, akiwa ameacha kitabu wazi juu ya dawati. Watu wakacheka. Mwanamke mmoja wa Kigogo, rafiki yake wa kwenye pampu ya maji, akasema, "Kaona simba humo?" Mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka. Niliinama haraka kutazama ni nini kilichomtisha. Palikuwa na mzee ameketi juu ya kigoda mbele ya tembe, shuka begani, fimbo mkononi, anatazama mbele kama mtu aliyekatizwa kazi yake. Chini yake, mistari miwili ya Kiingereza. Kabla sijafika mbali, kitabu kikachukuliwa.

Nilimkuta Bibi nyumbani ameketi nyuma ya nyumba, mgongo ukutani. Nilitaka kumgombeza, unajua tena mtoto aliyeaibishwa. Alinitangulia.

"Umemwona?"

"Nimemwona mzee. Ulikuwa unamwogopa?"

"Simwogopi. Ni mkwe wangu. Mtu hamkodolei macho mkwe wake." Alisema hivyo kama vile mzee angeweza kupita pale wakati wowote. "Ni baba yake babu yako. Siku aliyopigwa hiyo picha nilikuwepo. Mzungu alikuwa na punda wawili, mmoja mlemavu." Halafu akaniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia, kwa unyonge, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. "Mke mwenzangu, wewe unajua Kiingereza. Pale chini wamemwandika jina?"

Ningeweza kusema sijui. Hata leo sielewi kwa nini neno dogo kama hilo lilinishinda. Nadhani ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunihitaji kiasi kile. "Wameandika, Bibi," nikasema.

"Jina lake? Lenyewe?"

"Ndiyo. Na wameandika kwamba alikuwa mtu mkubwa, mwenye ng'ombe wengi, na aliwapokea wageni vizuri." Uongo ukishapata njia hauombi ruhusa tena.

Bibi alicheka kicheko cha chini chini, akajipiga paja. "Kwa hiyo yumo," akasema. "Yumo na jina lake." Usiku huo tulikula ugali na maziwa ya mgando aliyokuwa akiyatunza kwa ajili ya baba.

Jumamosi mkutano ulikaa mbele ya ghala. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye kupenda utani, aliweka vitabu vyote viwili juu ya debe la asali lililopinduliwa. Mwalimu akasimama kukisemea chekundu, na alikisemea vizuri. Alisema kiko katika lugha yetu, kwamba hata aliyemaliza kisomo jana ataweza kukisoma mwenyewe bila kumwomba mtu. "Mimi shuleni nilifundishwa kwamba sisi hatukuwa na historia," akasema, na sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa tulivu, ikatetemeka. "Nilifundishwa hivyo na watu niliowaheshimu. Kitabu hiki kinasema walikosea. Naomba watoto wetu wasikie." Watu walipiga makofi, nami nilipiga, maana alikuwa anasema kweli. Nilijua moyoni kwamba yule mtu ana haki.

Ndipo Bibi aliposimama. Hakuwahi kusema neno kwenye mkutano wowote. Alishika kanga yake kifuani, akazungumza akiitazama ardhi.

"Mimi bado najifunza herufi, mwalimu ananijua. Hicho chekundu ni kizuri, sikikatai. Wafalme hao wana kuta za mawe. Kuta zipo mpaka leo, mtu akitaka kuwaona anakwenda. Sisi nyumba zetu ni za udongo. Ukihama, mvua inakuja kuzichukua. Tumehama, sawa, tumehama wote, sina ugomvi na mtu. Lakini mkwe wangu nimemwacha kule kando ya zizi, na zizi halipo tena. Mwaka wa njaa yule alifungua vihenge vyake akalisha watu hata wasio ndugu zake. Nikifa mimi nani atasema alikuwepo? Alipobaki ni humo tu, kwenye hicho cha kijani. Mkikipeleka ng'ambo ya korongo, mtakuwa mmemhamisha mara ya pili."

Nyuki walizunguka madebe. Kila mtu pale alikuwa ameacha kaburi mahali fulani. Yule mwanamke wa Kigogo aliyecheka darasani alikuwa akijifuta macho kwa kiganja.

Mwenyekiti akakohoa. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema. "Sasa huyu mama anasema mtu wake yupo. Anaitwa nani, mama? Maana picha ya mzee asiye na jina inaweza kuwa ya mzee yeyote, hata wangu."

Bibi akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani amesahau. "Jina limeandikwa," akasema. "Mjukuu wangu amelisoma. Alisome hapa."

Kutoka nilipokaa mpaka kwenye lile debe ni hatua kama kumi. Nilizitembea kama mtu anayekwenda kuchanjwa. Mwalimu akanifunulia ukurasa, akakisogeza kitabu mbele yangu, na harufu ya asali ikanipanda puani. Niliisoma ile mistari miwili. Sikuielewa, lakini nilijua jambo moja la Kiingereza na la Kiswahili pia: jina la mtu huanza kwa herufi kubwa, popote lilipo. Niliitafuta herufi kubwa. Mwanzoni mwa kila sentensi ilikuwepo, basi. Hapakuwa na jina.

Watu wanangoja. Bibi anangoja, ameinamisha kichwa. Nikainua macho kutafuta pa kukimbilia, na mbele kabisa ameketi mdogo wangu mchangani, mdomo wazi, nzi kwenye shavu. Nikasema jina la kwanza nililoliona.

"Ntandu."

Bibi alipiga magoti. Si kwamba alianguka. Alipiga magoti taratibu, kama mtu anayemsalimia mkubwa, na kanga ikafunika uso wake wote. Nikajua nimekamatwa. Nilisubiri aseme mtoto huyu mwongo. Badala yake nikasikia vigelegele, wanawake wakamwinua, na mwenyekiti akasema wanaotaka cha kijani wasimame upande wa ghala, wa chekundu upande wa mlingoti wa bendera. Karibu watu wote walikwenda kwenye ghala. Mwalimu alibaki kwenye mlingoti na watu wachache, na alikuwa akinitazama mimi.

Mama ndiye aliyenieleza njiani, tena kwa kunishangaa. Sikujua? Mdogo wangu alipewa jina la mzee yule yule. Ndiyo maana Bibi hamwiti. Mwanamke wa kwetu hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa, wala la mtoto aliyerithi jina hilo, mpaka anaingia kaburini. Bibi alikuwa ameishi miaka yote na jina lile kifuani, akisubiri mtu mwingine alitaje mbele za watu. Nilikuwa nimesema uongo ambao ulikuwa kweli. Mtu angefikiri hilo lingenipa nafuu. Halikunipa, kwa sababu kitabuni halikuwemo.

Na Mwalimu alijua. Yeye Kiingereza chake hakikuwa cha kalamu na meza. Jumatatu alinibebesha kitabu kukipeleka ghalani, na tulipofika akauliza bila ukali, "Jina lile liko mstari gani?" Nililia mpaka nikakwama pumzi. Alisubiri nimalize. "Basi," akasema. "Ningeweza kusema palepale. Nilimtazama bibi yako nikashindwa." Alikichukua kile kitabu akakiweka juu ya rafu, juu ya mabonge ya nta. "Tumechagua kitabu ambacho hatuwezi kukisoma. Sasa wewe utajifunza mpaka uweze kukisoma chote. Hiyo ndiyo adhabu yako." Alitimiza sehemu yake pia. Kila Ijumaa aliwatafsiria watu wazima kurasa mbili tatu, akiruka ukurasa wa picha. Watoto tuliotaka wafalme na dhahabu tulivuka korongo kwenda kukisoma chekundu kwa wenzetu, tukirudi na miiba miguuni.

Kilichobaki ni hofu. Bibi alikuwa anajifunza kusoma. Kila herufi aliyoishika ilikuwa hatua moja kuelekea kwenye ule ukurasa, na mimi nilizihesabu. Alipomaliza irabu, nikakosa usingizi. Alipoanza kuunganisha, nikaombea macho yake yachoke, Mungu anisamehe. Halafu jioni moja akanikalisha mchangani nyuma ya nyumba, akanipa kijiti.

"Niandikie jina la Mzee," akasema. Alikuwa anamaanisha mdogo wangu.

Ningeweza kuandika jina jingine, na wazo hilo lilinijia, sitalificha. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikaliandika kwa herufi kubwa, moja moja. Alizipitia kwa kidole bila kutoa sauti, midomo imefungwa. Akazifuta, akaziandika mwenyewe, zimepinda. Akazifuta tena. Tulifanya hivyo jioni nyingi. Siku moja akasimamisha kijiti na kuuliza, "Hivi mtu akiandika, amesema?"

Nililiona ni swali la mtu ambaye bado hajaelewa shule. "Hapana Bibi. Kuandika si kusema. Kusema ni kwa mdomo."

"Haya," akasema.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa kwenda sekondari, mbali, shule ya bweni. Kila likizo nilirudi nikichunguza uso wake, nikitafuta dalili kwamba ameona. Hakusema kitu. Aliniita mke mwenzangu, akaniwekea maziwa ya mgando, akaniuliza kama huko wanakotufundisha wanasaga wenyewe. Nilijiambia kwamba macho yake hayakufika, kwamba hakwenda ghalani, kwamba herufi za kitabu ni ndogo. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Nilizika pamoja naye neno ambalo nilipaswa kumwambia na sikumwambia, na niwaambie ukweli, lilikuwa zito kuliko udongo.

Nimefundisha historia miaka thelathini na mbili. Nimefundisha falme za mawe na nimefundisha watu wa udongo, na kila mwanafunzi aliponiuliza kitabu kipi ni sahihi zaidi, nilijibu kama mwalimu, sikujibu kama mimi. Sijui bado kama tulichagua sawasawa Jumamosi ile. Yule kijana wa migombani alikuwa na haki, na Bibi alikuwa na haki, na mimi niliyeamua sikuwa nayo.

Siku ya nne nikakishusha kitabu. Nilivaa miwani, nikafuta meza, nikaona jinsi ninavyojichelewesha, nikakifungua katikati. Mchwa walikuwa wamekula pembe tu.

Mzee yupo. Kigoda, shuka, fimbo. Sasa niliweza kuisoma mistari miwili bila shida, na niliisoma kwa sauti, kutimiza ile adhabu ya Mwalimu: Mzee wa kabila hili mbele ya nyumba yake. Mwanamke aliye mlangoni anaikimbia kamera kwa hofu. Hakuna jina. Lakini chini ya mistari hiyo, kwa penseli iliyokandamizwa hata karatasi ikabonyea, kwa herufi kubwa zilizopinda nilizozijua kama ninavyoujua mwandiko wangu, lipo: NTANDU.

Alikwenda. Alilitafuta jina, hakulikuta, akajua kila kitu. Akarudi nyumbani akaniwekea maziwa. Hakufuta neno hata moja la mwenye kitabu, wala langu. Aliongeza tu lililopungua, kwa mkono, maana mdomo ulikuwa na mwiko. Nililia pale mezani, mtu mzima, miwani ikajaa ukungu.

Nilipoivaa tena ndipo niliporudi kwenye ule mstari wa pili. Mwanamke gani aliye mlangoni? Miaka yote nilikumbuka mzee peke yake. Nikaisogeza picha dirishani. Kweli, kwenye giza la mlango wa tembe, pale nilipodhani ni nguzo, amesimama msichana, ungo mkononi, ametupa mgongo. Hakuwa anaikimbia kamera. Mtu hamkodolei macho mkwe wake. Na pembeni ya mgongo ule, kwa herufi ndogo zaidi, kwa penseli ile ile, ameandika: MIMI.